Maswali ya Wasomaji: Anemoni Anayehama, Anayesinyaa, Anayepauka

Barua nyingi zilizofika kwenye safu ya akwaria mwezi huu zinamhusu mnyama mmoja, anemoni wa bahari. Wengi wenu mnamfuga kama mnavyofuga matumbawe: unambandika mahali, unamwashia taa, unasubiri. Lakini tumbawe likiwekwa linakaa. Anemoni ana wayo, anatembea, na asiporidhika na mahali atakwenda kutafuta pengine, hata kama njia inapita mdomoni mwa pampu. Matatizo mengi mliyoyaandika yanaanzia hapo.

*Shikamooni. Nina tangi la lita 120 lenye miezi mitatu. Wiki mbili zilizopita nilinunua anemoni wa vipovu. Nilimweka juu ya jiwe, usiku akahama. Tangu hapo hatulii: mara kioo cha nyuma, mara chini ya jiwe, na jana asubuhi nimemkuta amenywea kama puto lililotoka upepo. Nikimrudisha kwenye jiwe anaondoka tena. Nimekosea wapi?*
— Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Marahaba. Makosa ni mawili. Tuanze na hilo la kumrudisha, maana pengine umelirudia leo asubuhi. Acha. Wayo wa anemoni ni nyama laini isiyo na gamba wala mfupa, na kila unapombandua unaacha vipande vyake kwenye jiwe. Jeraha la wayo huoza haraka.

Anachotafuta ni ufa. Huyu wa vipovu, *Entacmaea quadricolor*, baharini huficha wayo ndani ya mwanya wa mwamba, akatoa minyiri tu nje. Akiguswa anajivuta ndani. Juu ya jiwe tambarare hana pa kujivuta. Ni kama kumlaza mgeni barazani kisha ukashangaa hapati usingizi. Panga mawe mawili au matatu mpaka upate mwanya wa kina cha sentimita 8 hadi 10, ulio kivulini, lakini mdomo wake uelekee kwenye mwanga. Hakikisha mawe hayatikisiki. Mkondo upite hapo kwa kubadilika, si kwa kumpiga moja kwa moja: minyiri iyumbe, isilale upande mmoja. Kama unaweza kuazima kifaa cha kupimia PAR (kiasi cha mwanga ambao mwani na mimea huutumia), tafuta mahali penye 150 hadi 250. Halafu mwache ahame mwenyewe. Akikaa siku kumi pale pale, amechagua.

Kosa kubwa ni umri wa tangi. Bakteria wa kumaliza amonia na nitriti hujijenga kwa wiki 4 hadi 6, na muuzaji atakwambia tangi "limeiva". Limeiva kwa samaki wagumu. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo nitrati na fosfati bado hupanda na kushuka, na alkalini (kinachozuia pH isiyumbe, hupimwa kwa dKH) huliwa na mwani wa rangi unaoanza kufunika mawe. Samaki huvumilia mabadiliko hayo. Anemoni hana figo wala ngozi ya kumkinga, maji yakibadilika nje yamebadilika ndani yake. Subiri walau miezi 6 kwa huyu wa vipovu. Kwa anemoni mkubwa *Heteractis magnifica* na anemoni wa zulia (wale wapana wenye minyiri mifupi), mwaka mzima.

Namba za kushikilia: chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji (uzito mahsusi 1.026), joto nyuzi 25 hadi 26, pH 8.1 hadi 8.4, alkalini dKH 8 hadi 9, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu karibu 1,300, nitrati 5 hadi 10, fosfati 0.03 hadi 0.1 (kuanzia kalsiamu, zote ni miligramu kwa lita). Amonia na nitriti ziwe sifuri. Ukikuta namba moja imetoka kidogo nje ya hizo lakini haijasogea kwa mwezi mzima, iache. Wanaoua anemoni zaidi ni wale wanaomimina dawa jioni ili kesho asubuhi kipimo kisome vizuri.

Kunywea peke yake si ugonjwa. Anemoni hutoa maji yote mwilini, pamoja na uchafu, kisha hujijaza upya. Wengine hufanya hivyo kila siku au kila baada ya siku mbili. Ukimkuta kanywea, angalia mambo matatu. Mdomo: ukiwa umefumba au umeachia kidogo, sawa, ukiwa wazi kiasi cha kuona utumbo umetoka nje, na hali hiyo ikazidi saa 24, ni hatari. Wayo: uwe umeshika. Minyiri: iguse kwa ncha ya bomba la plastiki, ikinata yuko hai na ana nguvu, isiponata kabisa ana shida.

Ulipo sasa, badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kwa maji yenye chumvi na joto lilelile, usimlishe mpaka atulie, na leo hii funika pampu. Sababu iko kwenye barua inayofuata.

*Naandika kwa haraka. Nimerudi kazini nimekuta anemoni wangu amevutwa na pampu ya mkondo. Nusu ya minyiri imesagika, maji yamekuwa meupe kama maziwa yaliyochujwa. Samaki wanahema juu. Nifanye nini?*
— Msomaji, Columbus, Ohio

Hii tunaichapisha kwa ajili ya wengine, kwa sababu jibu la jambo hili linahitajika ndani ya saa moja, si ndani ya mwezi.

Zima umeme wa pampu kwanza, usimvute. Pampu ikisimama, mara nyingi huachia. Asipoachia, toa pampu pamoja naye uiweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, ufungue kifuniko chake taratibu. Vipande vilivyoelea vitoe vyote kwa wavu laini, maana kila kipande ni sumu inayosubiri kuoza. Weka mkaa wa akwaria, gramu 100 kwa kila lita 200, mahali maji yanapopita, badilisha asilimia 25 hadi 30 ya maji, fungua skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) itoe povu jingi kuliko kawaida, ongeza hewa. Samaki wanaohema juu wanakosa oksijeni. Pima amonia usiku huo na kesho yake.

Aliyebaki, mweke kwenye kisanduku chenye matundu ndani ya tangi lilelile, penye mwanga hafifu na mkondo mdogo. Usimtupe upesi. Kipande chenye sehemu ya wayo na sehemu ya mdomo kinaweza kujifunga na kuwa anemoni kamili ndani ya wiki chache. Usimlishe kwa siku 10 hadi 14. Jeraha la mdomo halijajifunga, chakula kitaozea ndani. Akianza kuyeyuka vidoleni kama uji, au ukimnusa ukalazimika kugeuza uso, mtoe na ubadilishe maji tena.

Kuzuia ni kwa sponji. Vika pampu sponji yenye matundu makubwa, au kikapu cha wavu wa plastiki wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Sponji isuuze kila baada ya siku 2 au 3 kwenye maji uliyotoa tangini; ikiziba mkondo unakufa, na mkondo ukifa anemoni anaanza kutembea. Sponji chafu basi inakuletea kilekile ulichokuwa unakikimbia. Kwenye mlango wa maji kwenda kwenye sampu (tangi la chini lenye vichujio), weka kichana chenye nafasi nyembamba. Hita nayo ivikwe ganda la plastiki lenye matundu: anemoni akiikumbatia ikiwa baridi, ikiwaka hatoki kwa wakati.

*Assalaam aleikum. Hapa Nyali tangi langu linafika nyuzi 31 mwezi Machi, na umeme ukikatika ni balaa. Chila, mashine ya kupoza maji, bei yake siiwezi. Je, feni inatosha? Pia nachota maji ya bahari mwenyewe kuokoa pesa ya chumvi. Na rafiki yangu ananiambia nikachukue anemoni mwambani maji yakipwa. Ni sawa?*
— Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Maswali manne, tuyafuate.

Feni ya kuelekezwa kwenye uso wa maji, kifuniko kikiwa kimeondolewa, hushusha nyuzi 2 mpaka 3. Inafanya hivyo kwa kuyafanya maji yapande hewani, na chumvi inabaki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, chumvi inatoka 35 inafika karibu 37. Kwa hiyo feni bila kujaza maji matamu kila siku inabadilisha tatizo la joto kuwa tatizo la chumvi. Nunua kijazio chenye boya au sensa kabla ya kununua feni ya pili. Maji ya kujazia yawe yaliyopitia mtambo wa osmosisi na resini wa kuondoa chumvi, kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Maji ya kisima ya pwani yana chumvi zake na mara nyingi nitrati, yasitumike. Pwani, pale unyevu wa hewa unapokuwa mkubwa sana, feni hupungua nguvu. Siku hizo tumia chupa ya barafu. Nusu lita iliyoganda kabisa, ikielea mpaka iyeyuke, hushusha lita 120 kwa karibu nusu digrii. Usitie chupa tatu kwa mpigo. Punguza pia saa za taa, na uziwashe jioni.

Umeme ukikatika, cha kwanza kuisha ni oksijeni, na maji ya moto huibeba kidogo. Pampu ya hewa ya betri, zile za wavuvi wa chambo, inatosha kwa saa kadhaa. Ukiwa huna, chota kwa jagi umimine kutoka juu, dakika mbili kila robo saa. Usilishe kitu mpaka umeme urudi na skima ifanye kazi.

Maji ya bahari ni mazuri ukijua pa kuyachota. Chota bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, upande wa bahari kuu, mbali na Tudor na Kilindini na mbali na mdomo wa mto wowote. Wakati wa masika usichote. Mvua inapunguza chumvi na kuleta tope na kila kilichomwagwa mashambani. Yaweke kwenye madumu safi ya lita 20, gizani, yenye hewa inayopuliziwa, kwa wiki 2. Nyonya maji ya juu, acha masimbi ya chini, pitisha kwenye kitambaa cha kuchujia cha mikroni 5, pima chumvi kwa rifraktomita. Ukitengeneza mwenyewe kwa chumvi ya akwaria, hesabu gramu 36 hadi 38 kwa lita.

Kuhusu mwambani: hapana. Ndani ya hifadhi za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite kuchukua kiumbe chochote ni kosa la jinai, na nje ya hapo biashara na ukusanyaji vinataka leseni. Na hata bila sheria, anemoni aliyezama ufani hatoki mzima kwa mkono wa mtu mwenye haraka ya maji kujaa. Ng'oa wayo, umemuua yeye na umewavunjia nyumba samaki wanaoishi ndani ya minyiri yake.

*Nimenunua anemoni mweupe pepe, ncha za minyiri zambarau, mzuri ajabu. Muuzaji anasema ni aina adimu. Amekaa mwezi lakini anazidi kuwa mdogo. Kuna mwingine wa manjano kama ndimu mbivu dukani, nimchukue?*
— Msomaji, Maskati, Oman

Huyo mweupe si adimu, ana njaa. Ndani ya minyiri ya anemoni huishi mwani wa hadubini wenye rangi ya kahawia, na ndio unaomlisha sehemu kubwa ya chakula chake kwa kutumia mwanga. Akipata joto kali, giza la safari au mshtuko wa chumvi, huufukuza. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipochemka kwa El Niño, matumbawe na anemoni walipauka namna hiyohiyo. Anemoni wa aina zinazokaliwa na klauni, wale samaki wa kuishi minyirini, akiwa na afya, huwa na kivuli cha kahawia au kijani mwilini hata kama ana rangi nyingine juu yake. Ile zambarau ya ncha ni rangi yake mwenyewe, ndiyo maana imebaki. Na huyo wa manjano yaliyoiva kila mahali, mpaka wayo, mwache dukani: karibu kila mara ni mweupe aliyetiwa rangi.

Wako anaweza kurudi, lakini si kwa taa kali. Wengi humwona mweupe wakafikiri anataka mwanga. Mwani uliobaki mchache unaungua. Anza na PAR 80 hadi 100, kisha pandisha kidogo kila wiki kwa wiki 4 mpaka 6. Kwa sasa chakula ni wewe. Mpe mara tatu kwa wiki kamba mbichi asiyetiwa chumvi wala viungo, aliyekatwakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya choroko, vipande vitatu au vinne. Zima pampu dakika 15, vishushe kwa bomba juu ya minyiri. Akivitema baada ya saa moja, punguza ukubwa, usiongeze idadi. Nitrati usiisafishe mpaka sifuri. Mwani wake unaihitaji. Samaki klauni wakae mbali naye kwanza, wanamsugua.

Angalia shina la minyiri, pale inapoota. Kivuli cha chai ya maziwa kitaanzia hapo, baada ya wiki kadhaa au miezi.

Chumvi: bahari yenu ya Oman ina karibu 37, na Ghuba ya ndani hufika 40. Anemoni aliyetoka nje kwa ndege amesafiri kwenye maji ya 35 au chini. Ulimzoeza kwa matone, yaani maji ya tangi yakidondoka taratibu kwenye maji ya mfuko wake, kwa muda gani? Tofauti ya pointi 2 inataka saa moja na nusu hadi mbili za matone, na maji ya mfuko yasiingie tangini.

Kama ni *Heteractis magnifica*, na ananywea na kujijaza mara nyingi kwa siku huku mdomo umelegea, huenda ni maambukizi ya bakteria. Wafugaji wazoefu hutumia siprofloksasini, miligramu 250 kwa lita 38, kwenye tangi la pembeni lenye hita, pampu na taa. Dawa hutiwa usiku taa zikizimwa, kwa sababu mwanga huivunja. Kila siku maji yote hubadilishwa na dozi hurudiwa, kwa siku 7 hadi 10. Si dawa ya kununua kichochoroni. Mwone daktari wa wanyama. Kwenye tangi kuu haitiwi kamwe, itaua bakteria wanaolisafisha, na maji yaliyotumika yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa.

*Klauni wangu wawili wana miezi minne na anemoni wa vipovu na hawamgusi. Wanalala kwenye kona ya hita! Nifanyeje?*
— Msomaji, Kilimani, Nairobi

Klauni wa machungwa wa madukani, *Amphiprion ocellaris*, hatoki bahari yetu, na kwao huishi na *Heteractis magnifica* na anemoni wakubwa wa zulia. Huyu wa vipovu si mwenyeji wake wa asili. Wengi humkubali hatimaye. Waliozaliwa kwenye matangi huchukua wiki, miezi, au hawamkubali kabisa na wanaishi vizuri bila yeye. Anayelingana na anemoni wa vipovu kwenye pwani ya Afrika Mashariki ni *Amphiprion allardi*, mweusi mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe. Yule wa rangi ya waridi mwenye mstari mgongoni, *Amphiprion akallopisos*, anamtaka *magnifica* au zulia la *Stichodactyla mertensii*.

Unachoweza kufanya: sogeza jiwe lenye anemoni, jiwe zima bila kumbandua, karibu na kona wanayolala. Basi. Na hakikisha anemoni amepanuka walau mara mbili ya urefu wa samaki mkubwa. Klauni jike mwenye sentimita 8 akihamia kwa anemoni wa sentimita 10 atamkanda mchana kutwa mpaka asifunguke.

Samaki wakiugua madoa meupe, watibiwe nje ya tangi. Dawa ya shaba huua anemoni.

*Kwa kifupi*

Anemoni mwenye afya alishwe mara ngapi? Mara moja kwa wiki inatosha, mbili ni karimu. Kipande kisizidi upana wa mdomo wake ukiwa umefumba. Samaki mzima anayeonekana kumezwa kwa fahari mara nyingi hutemwa kesho yake akiwa ameoza.

Amegawanyika wawili. Ni heri au shari? Tazama miezi miwili ya nyuma. Kama alikuwa mkubwa na analishwa, amezaa. Kama ulibadilisha maji mengi au taa mpya, amejihami. Nusu zote mbili ziachwe bila chakula wiki moja. Kuhusu umri, kuna anemoni mwekundu aliyechukuliwa pwani ya Scotland na John Dalyell mwaka 1828, akafa 1887, akiwa amezaa mamia. Wako naye, asipokutana na pampu, anaweza kukupita.

Vipovu vimepotea, minyiri imekuwa mirefu. Akila na akinata, mwache. Si ugonjwa.

Naweza kuweka anemoni wa vipovu na wa zulia pamoja? Tangi lisilozidi lita 400, usiweke. Hushambuliana kwa kemikali majini hata wasipogusana, na wa zulia humla samaki aliyelala vibaya.

Vianemoni vidogo vya kahawia, kama minazi, vimeota kila mahali. Hao ni aiptasia. Usiwakate wala kuwakwangua. Kila chembe ya wayo inaota mpya. Chukua kalsiamu haidroksaidi safi, kijiko cha chai, ukoroge na maji kidogo mpaka iwe nzito kama dawa ya meno. Zima pampu, weka mililita moja kwa sindano butu juu ya mdomo, polepole, kabla hajajivuta. Watano kwa siku wasizidi, maana pH inapanda. Chokaa ya tambuu kikemia ni kitu kilekile, ila hujui kimechanganywa na nini, kwa hiyo iache kwenye tambuu.